Mlinzi wa Kopo

Fundi Kopo anaweza kula ndizi akiwa amesimama juu ya chemba ya maji taka iliyo wazi. Nimemwona kwa macho yangu, nikageuka upande wa pili nikatema mate. Yeye akamenya ya pili, akaniambia, "Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu? Hicho unachokiogopa kimetoka kwenu."

Kazi yake ni kuzibua. Vyoo, sinki, mifereji, bomba lolote lililokataa kupitisha. Ana waya mrefu wa chuma unaozungushwa kwa mkono, ana buti za mpira zinazofika magotini, na ana glavu ambazo huzivaa akizikumbuka. Miaka thelathini na minne yuko kwenye kazi hiyo. Mkewe alimwekea sheria moja tu, kwamba buti zisivuke kizingiti. Mengine yote alishayakubali siku alipokubali kuolewa.

Lakini msidhani kwamba mtu huyu hana kinyaa. Anacho, tena kikali. Ukimuuliza atakujibu bila kufikiri: mafuta ya kupikia. "Kinyesi ni kitu cha ukweli," husema. "Mtu amekula, mwili umechukua chake, kilichobaki kimetoka. Hapo hakuna uongo. Mafuta je? Yanaingia bombani moto, laini, yanateleza kama maneno ya mposaji. Yakifika mbele yanapoa. Yanaganda, yanashika nywele, yanashika makombo, yanashika kila kinachopita. Siku ukiyatoa, yananuka kitu ambacho hakijapewa jina."

Na jina lake la Kopo halikutoka kwenye kazi. Alilipata utotoni, akiwa na miaka saba, nalo lilikuwa jina la heshima. Ndivyo alivyoamini. Alikulia kwenye nyumba za safu, milango ikitazamana, katikati uwanja wa vumbi usiozidi hatua arobaini. Mle uwanjani ndimo ilimokuwamo dunia. Asubuhi gololi, na shimo lake lilichimbwa kwa kisigino. Wasichana na kamba iliyochakaa ya kuanikia nguo, wakiruka mpaka vumbi linaingia kwenye masufuria ya mama zao na mama zao wanatoka na mwiko. Alasiri mpira wa matambara uliofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Jioni, jua likishalainika, mchezo wa kopo.

Mchezo wenyewe ni huu. Kopo tupu la maziwa linawekwa ndani ya duara. Mmoja analipiga teke linakwenda linapokwenda, na mlinzi analifuata, analirudisha kinyumenyume bila kugeuza shingo. Wakati huo wenzake wanatawanyika kujificha. Akishaliweka dukani mwake, yaani kwenye lile duara, anaanza kutafuta. Akimwona mtu, anakimbia kugusa kopo na kulitaja jina la huyo mtu. Haishi mpaka wapatikane wote. Na palikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: aliyechoka kujificha haendi kwao kimyakimya. Lazima ajitokeze, aguse kopo, aseme, "Nimejitoa." Mtu haachwi akimtafuta mwenzake ambaye hayupo. Watoto wale walikuwa wanadanganya kwenye gololi, wanadanganya kwenye mpira, lakini hiyo hawakuivunja. Ndivyo alivyoamini.

Basi huyu wetu alikuwa na miguu mifupi, na karibu kila jioni ulinzi ulimwangukia yeye. Hakuona uonevu. Alisema wengine wana mbio, yeye ana subira. Alizunguka nyuma ya vyoo, chini ya mikokoteni, juu ya mapaa ya mabanda ya kuku, mpaka amtoe wa mwisho. Ndipo wakamwita Kopo.

Siku moja, akiwa na miaka minane, wote walipatikana isipokuwa rafiki yake mkubwa. Huyo walimwita Kijiti, kwa sababu alikuwa mwembamba kiasi kwamba kaptura ilimshika kwa imani tu. Kopo akatafuta hadi miguu ikauma. Mwishowe akaona kandambili ya Kijiti kwenye mdomo wa karavati, lile shimo lililopita chini ya barabara likibeba maji machafu ya safu zote nne za nyumba. Wenzake walikuwa wamekaa ukutani. Wakamwambia, "Kaingia humo, hajatoka."

Akaingia. Alitambaa kwa magoti na viganja gizani, maji mazito yakimfikia kidevuni, akiita, "Kijiti! Kijiti, toka, nimeshindwa!" Akatokea upande wa pili peke yake. Akarudi mbio juu ya barabara, kandambili mkononi, akaenda kwa mama yake Kijiti kumwambia mtoto amepotea. Yule mama akasimama mlangoni, akaziba pua kwa upindo wa nguo, akammwagia beseni mbili za maji akiwa mbali. Kisha akamwambia, "Nenda kwenu, mwanangu. Atarudi."

Kesho yake Kijiti akaja uwanjani. Akamshika bega akamwambia, "Nilikwama mle ndani. Nikasikia unaniita. Nikaifuata sauti yako, ndipo nikatoka."

Sasa mtu aliyeambiwa maneno hayo akiwa na miaka minane, mnadhani atayaweka wapi? Kopo aliyaweka mahali ambapo wengine huweka vyeti. Hakwenda shule sana. Hana kiwanja, hana gari. Lakini aliwahi kumtoa mtu kwa sauti yake. Mara ya kwanza alipopewa kazi ya kuzibua na mwenzake akatapika pembeni, yeye alisema, "Mimi humu nilishaingia kwa sababu nzuri zaidi." Watoto wake watatu walikua na kisa hicho kama wengine wanavyokua na nyimbo. Binti yake wa mwisho, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, amewasimulia watoto wa darasa lake kila mwaka. Na mwaka huu akamwomba baba yake aje mwenyewe, Jumatatu, saa tatu asubuhi.

"Mimi?" Kopo akashtuka. "Mwanangu, mtoto wa chekechea anapendezwa na pipi. Stori za mitaro atazifanyia nini?"

"Baba, wanaijua kwa moyo. Wanataka kukugusa tu waone kama ni wewe kweli."

Basi akawa anatembea na Jumatatu hiyo mfukoni kama bwana harusi. Mpaka mkewe akamwambia, "Hata mimi hukunisubiri hivyo."

Ikawa Jumamosi iliyotangulia, Kijiti aliwaalika wote wa ule uwanja nyumbani kwake. Siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi la ghorofa mbili. Ule wembamba umekwisha, sasa ni gogo, ila jina halikunenepa naye. Alimtumia Kopo ujumbe: wenzetu wanakuja saa sita, lakini wewe njoo saa nne.

"Mapema kwa nini?" mkewe akauliza, akimnyooshea shati jeupe.

"Aah, mama watoto. Mimi na yeye si kama wale wengine."

Akafika saa nne kasorobo, shati linang'aa, mafuta mepesi kichwani. Kijiti akamfungulia geti, akamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine una simu.

"Mlinzi wetu! Afadhali umewahi. Ndugu yangu, nimezibwa. Sinki la jikoni na choo cha wageni, vyote viwili. Watu wanakuja saa sita, sura yangu nitaiweka wapi?"

Kopo akajitazama shati. "Mbona hukusema? Sikuja na waya."

"Waya upo! Nimechukua dukani, mpya, bado uko ndani ya nailoni. Na ndoo mbili hizo, na koleo. Nilijua huwezi kuniangusha."

Akavua shati, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akabaki na fulana. Hata wakati ule hakuhisi kitu. Rafiki ana shida, rafiki amefika, basi. Akainua mfuniko wa chemba.

Yalikuwa mafuta. Miaka ya mafuta. Chemba nzima ilikuwa imejaa tonge moja jeupe lenye mishipa ya kijivu, limebana pande zote kama jipu lililokosa pa kupasukia. Alipochoma waya likatoa sauti, kisha likatoa pumzi. Ndani yake mlikuwa na nywele ndefu zilizosukwa na makombo, mifupa ya kuku, vijiti vya masikio, nepi iliyovimba kama mkate, vitambaa vya kufutia uso ambavyo watu wanadhani vinayeyuka. Alilikata kwa koleo vipande vipande. Kila kipande kilitetemeka. Mara akajikuta amegeukia ukuta, mkono tumboni, mate machungu mdomoni. Hakumbuki mara ya mwisho alipotaka kutapika kazini.

"Vipi huko, Kopo?" Kijiti aliuliza kutoka dirisha la juu, pua ndani ya kiwiko.

"Unamwaga mafuta kwenye sinki?"

"Si mimi, ni watu wa jikoni. Funika upesi, bwana, harufu inapanda!"

Akajaza ndoo mbili, maji yakaanza kukimbia. Akanawa kwenye bomba la uani kwa sabuni ya kufulia, mara tatu, akavaa shati. Saa sita ikawa imefika na wageni nao wakaanza kuingia, kama kumi na wawili, wengine na wenzi wao. Kila mmoja alipomwona alipaza sauti, "Kopoo!" kisha akamwinulia mkono kutoka mbali. Mmoja tu ndiye aliyemkumbatia, yule aliyekuwa bingwa wa kamba, ambaye sasa ni nesi. Naye Nesi, tuseme ukweli, alizuia pumzi kidogo.

Kiti chake kilikuwa mwisho kabisa, karibu na uzio, upande ambako upepo unatoka hapo kwenda nje.

Mezani pamewekwa bakuli la kioo limejaa gololi mpya, za urembo. Hakuna aliyezigusa. Pembeni ya bakuli pana kopo jipya lililopakwa rangi ya dhahabu, limeandikwa "Watoto wa Uwanjani". Chakula kikaletwa, kinang'aa. Kijiti akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Jamani, sisi tulicheza! Watoto wa leo wana nini? Simu! Simu!" akasema, na simu yake ikaita, akaitazama, akaizima. "Sisi hatukuwa na kitu, lakini tulikuwa na upendo. Uongo?"

"Kweli!" wakaitikia, na wanne waliokuwa wanamrekodi wakasogea karibu.

Kopo naye aliitikia. Tena aliitikia kwa sauti. Macho yalimlowa, maana hata kama kopo ni la dhahabu, hao walikuwa wenzake kweli, na kitu kilichokuwa kinasifiwa alikipenda kuliko wao wote.

"Na mlinzi wetu yule pale!" Kijiti akanyoosha kijiko. "Shemeji zangu nyinyi mliooa na kuolewa huku, kisa cha karavati hamkijui. Kopo, niwape?"

"Wape," Kopo akasema, akajiweka sawa kitini. Alifikiri sasa, hatimaye, mwenye kutolewa ndiye atakayesimulia.

"Huyu bwana alikuwa mlinzi kila siku. Kila siku! Anatafuta mpaka basi. Sasa sisi tulikuwa tunafanyaje? Akishaanza kutafuta, tunatoroka, mmoja mmoja, kila mtu kwao. Tunakula. Tunakunywa maji. Tunarudi, tunamkuta bado anachungulia kwenye mabanda ya kuku!"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mimi nilikuwa naoga kabisa, nabadili nguo, na hakuwahi kugundua!" Wakacheka zaidi.

"Sasa siku hiyo nikasema, leo tumpe kazi. Nikaitupa kandambili yangu pale kwenye karavati, mimi huyooo nyumbani. Wenzangu wakamwambia kaingia humo. Jamani! Si akaingia! Nikiwa nyuma ya mlango na bakuli langu namwona anakuja, mweusi mpaka kwenye kope, analia, 'Mama Kijiti, Kijiti kapotea.' Mama anammwagia maji, mimi nacheka mpaka chakula kinatoka puani!"

Meza ilipigwa. Mtu mmoja alishika mbavu. Na sikilizeni hapa, kwa sababu hili ndilo alilonieleza kwa uchungu kuliko yote: Kopo naye alicheka. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, ukatoa ha, ha, ha, kama bomba linalotema hewa. Alijisikia akicheka. Aliona mate yake yanarukia sahani. Akajichukia kiasi ambacho hakujua mtu anaweza kujichukia akiwa ameketi.

Kicheko kilipopungua akauliza, "Na ile sauti?"

"Sauti ipi?"

"Uliniambia ulikwama. Ukasema uliifuata sauti yangu, ukatoka."

Kijiti akakuna shingo. "Nilisema hivyo? Ah, utoto huo! Mama alinishika sikio, akanituma nikakuombe radhi. Sasa mimi niombe radhi, mbele ya watu wote? Nikakupa hiyo. Na uliifurahia, uongo? Ulitembea wiki nzima kifua mbele!"

"Nilitembea miaka arobaini na minne," Kopo akasema, lakini hakuna aliyesikia, maana Kijiti alikuwa ameshalichukua kopo la dhahabu na kuliweka chini, katikati ya uwanja wake wa saruji.

"Haya, tucheze! Kopo, njoo usimame hapa. Ushike kopo, sisi tukimbie, tuweke kwenye video. Njoo, ndugu yangu, nani mwingine ataweza?"

Kopo akasimama. Akaenda mpaka kwenye kopo, hakuliinua.

"Mnakula?" akauliza.

"Tunakula, na wewe utakula, njoo kwanza."

"Basi hamjamaliza kisa. Kijiti amewapa cha nje, mimi niwape cha ndani." Hakupaza sauti. Alisema kama fundi anavyomweleza mwenye nyumba. "Mle ndani ukuta una utelezi kama ulimi. Ukiweka kiganja kinazama kwenye kitu laini, hujui ni nini, unakiondoa kinakufuata. Maji yalikuwa ya nyumba zetu zote. Niliyajua. Maji ya kuoshea samaki ya kina nani, niliyajua. Mtu mmoja safu ya tatu alikuwa anaumwa tumbo wiki ile, nalo nililijua. Kila nilipoita jina lako nilimeza. Niliita mara nyingi, kwa hiyo nilimeza nyingi. Katikati kuna kitu kilikuwa kimekwama, kina manyoya, kimevimba. Nilidhani ni kichwa chako. Nikakishika kwa mikono miwili nikivute. Kikapasuka."

Uma mmoja ukagonga sahani. Mwanamke mmoja akasukuma chakula chake mbele, akaweka kitambaa mdomoni.

"Kopo! Ndugu, watu wanakula!" Kijiti akasema.

"Na wewe ulikuwa unakula."

Kijiti akacheka kidogo, peke yake, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. "Yaani kwa mchezo wa watoto unakasirika? Mtu mzima na mvi zako?"

"Sijakasirika," Kopo akajibu, na ndivyo ilivyokuwa. Hasira angeijua, angetukana. Hiki kilikuwa kile kitu cha kwenye chemba, cheupe, kimepanda mpaka kooni. "Nasikia kichefuchefu tu. Ngoja nikapate hewa."

Akaelekea getini. Kijiti akamfuata nusu njia. "Na hizi ndoo zako? Utaniachia huu uchafu hapa na wageni?"

Kopo hajawahi kumwachia mteja uchafu. Hubeba, huenda kuuzika, hata kama ni mbali. Siku hiyo alizitazama zile ndoo, hazikuwa hata na vifuniko.

"Ndoo ni zako. Kilichomo ni chako."

Nesi alimkimbilia nje. Alimshika mkono wa shati, machozi tayari.

"Kaka, nisikilize. Mimi nilikuwa ukutani siku ile. Nilijua."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mimi nilikuwa na minane."

"Nilitaka kukuambia, nikaona aibu. Baadaye ukawa unaisimulia na furaha yote ile, nikasema, nitamharibia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alimtazama kama anavyotazama bomba lililopasuka chini ya ardhi. Hakuna faida kulipiga, na halipitishi tena. "Rudi ndani, dada," akamwambia. "Chakula kinapoa." Akaenda zake kwa miguu.

Nyumbani, mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yule mama alikuambia 'atarudi.' Mtoto wake amepotea kwenye karavati, yeye anasema atarudi, anashika beseni. Miaka yote hujawahi kujiuliza?"

"Wewe ulijiuliza?"

"Siku ya kwanza uliponisimulia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, baba watoto? Ulikuwa unaisimulia umeshika mkono wangu."

Usiku hakula. Wali ulikuwa na mafuta, kila punje inang'aa. Jumapili alikaa kwenye ngazi ya mlango tangu asubuhi akizikagua kumbukumbu zake moja moja, kama anavyokagua mabomba ya nyumba nzima kutafuta panapovuja. Gololi. Alikumbuka gololi yake ya bluu iliyopotea, na sasa akakumbuka nani alikuwa na ya bluu wiki iliyofuata. Mpira wa matambara. Alikuwa golikipa, kila siku golikipa, upande wenye mtaro. Kamba. Hakuwahi kuruka kamba, alikuwa anaizungusha. Alikuwa anaizungusha mpaka mkono unakufa ganzi, na wasichana wakimsifu, "Kopo anajua kuzungusha!" Kila alipofungua, harufu. Hata vumbi lile la jioni, ambalo angetoa kidole chake alinuse tena, sasa lilimjia na mafuta.

Mchana binti yake akaja kumkumbusha kuhusu kesho. Kopo akamweleza yote, hata kicheko chake mwenyewe. Binti akakaa kwenye ngazi karibu naye.

"Kwa hiyo hukumtoa mtu," akasema mwishowe.

"Sikumtoa mtu."

"Nitawaambia watoto unaumwa."

"Halafu uwasimulie nini mwakani?"

Binti akakwangua ukucha. "Ile ile, Baba. Ni nzuri. Inawafundisha kitu."

"Najua ni nzuri, mama. Nimeila miaka arobaini na minne. Ndiyo maana natapika." Akajifuta uso. "Niliitunza kama mali, kumbe Kijiti alifuta mkono wake kwangu. Siwezi kuwalisha hao wadogo kitu hicho nikijua kimetoka wapi."

"Basi usije."

"Sijasema siji."

Jumatatu saa tatu walimkuta ameketi kwenye kiti cha chekechea, magoti yakigusana na masikio. Watoto ishirini na sita mkekani. Mmoja alimgusa buti, maana alizivaa kwa ombi la darasa, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Binti yake alisimama karibu na dirisha, mikono ameikunja, hajui baba atasema nini. Na Kopo mwenyewe, alivyoniambia baadaye, alipofungua mdomo alikuwa bado hajui.

Akawaeleza mchezo wa kopo. Akawaeleza sheria ya kujitoa, wakaikariri naye. Akawaingiza kwenye karavati. Hakuwaonea huruma: utelezi, giza, kitu chenye manyoya. Wakapiga kelele kwa raha, "Eeeew!", wakazibana pua, wakamwomba akirudie kile kilichopasuka. Akakirudia.

"Nikatokea upande wa pili," akasema.

"Na Kijiti!" mtoto mmoja akadakia, maana kisa alikijua. "Alifuata sauti yako!"

Kopo akamtazama binti yake. Kisha akawatazama watoto.

"Hapana. Hiyo si kweli. Mwalimu wenu aliambiwa na mimi, na mimi nilidanganywa. Kijiti hakuwamo mle ndani."

"Alikuwa wapi?"

"Kwao. Alikuwa anakula."

Safari hii hakuna aliyesema eeew. Yule aliyekuwa ameshika buti akaacha kuichezea. Nyuso zao ndogo zikakunjana polepole, si kwa uchafu wa karavati, maana huo waliupenda, bali kwa hili lingine. Wakubwa kumi na wawili walikuwa wamelicheka hili mpaka machozi.

"Hakugusa kopo?" mtoto mmoja akauliza.

"Hakugusa."

"Hakusema 'Nimejitoa'?"

"Hakusema."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, meno mawili hayapo, akafikiri sana, midomo imekazwa.

"Huyo asicheze tena," akasema.

"Hata akiomba?" jirani yake akauliza.

"Hata akiomba."

Watoto wakageuka kumtazama Fundi Kopo, wasikie naye anasemaje. Akasafisha koo.

"Aliomba juzi," akasema. "Nikakataa."